Maji Yanajaa Mara Ngapi

Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, huwa nasema Iringa. Nasema upesi, na nikiona anataka kudadisi zaidi kwa sababu jina langu ni Mwanaidi na usemi wangu una chumvi kidogo ya Pwani, namuuliza habari za watoto wake, naye anasahau alichotaka kujua. Nimefanya hivyo kwa wagonjwa, kwa wauguzi wenzangu, kwa majirani, hata kwa marehemu mume wangu tulipokuwa tunachumbiana. Nimezaliwa Pangani. Hakuna ubaya wowote katika kuzaliwa Pangani, na watu wa kule ni watu kama wengine, tena wengine wana maringo nako. Mimi ndiye nisiyeweza kupataja kwetu bila uso kuniwaka moto, na sababu yake ni jambo dogo sana lililotokea darasani mwaka niliosoma kidato cha pili kule Ilula, Iringa. Sijapata kumsimulia mtu. Nilidhani litakufa nami, mpaka mwezi uliopita simu yangu ilipoanza kulia ujumbe juu ya ujumbe. Wenzangu tuliosoma pamoja walikuwa wanapeana taarifa: Mwalimu Atupele amestaafu, anafanyiwa sherehe Mbeya, kila anayeweza afike. Nilisoma ujumbe ule nikiwa jikoni nachambua mchele, nikauchambua mchele uleule mara ya pili bila kujua ninachofanya.

Nililetwa Ilula kwa mama mdogo. Sababu za kuletwa ni mambo ya wakubwa, na wengi wao wamekwisha kufa, kwa hiyo nawaacha walale. Ninachokumbuka ni baridi. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akaona pumzi yake mwenyewe. Mama mdogo alikuwa mfanyabiashara wa nyanya, na jiko lake la uani lilikuwa jeusi kwa moshi, lina matenga yamepangwa mpaka karibu na bati. Humo ndimo tulimoishi hasa, maana ndimo mlimokuwa na moto. Jioni tulikaa tukichagua nyanya: zilizoiva sana zikaingia kwenye ndoo za kuuzia abiria wa mabasi, ngumu zikarudi kwenye tenga zisubiri lori. Mikono yangu ilinuka nyanya mpaka usingizini. Mama mdogo alikuwa mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika barabarani, na alipenda watu wakae kwake. Basi mpangaji wetu wa chumba cha uani akawa kama mtu wa nyumbani. Kila jioni alikuja na kigoda chake na sufuria yake ya maharage, akasema, "Hodi tena, mama, moto wangu umegoma." Moto wake ulikuwa umegoma mwaka mzima.

Mpangaji huyo ndiye Mwalimu Atupele. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwembamba, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke chuoni. Alitufundisha jiografia. Shuleni alikuwa mkali kiasi, chaki haimtoki mkononi, lakini jikoni kwetu alivua viatu, akakunja miguu, akaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini huku akifuta nyanya kwa kitambaa. Alikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo sijaisahau. Siku tukipata nyama, alikata kipande kwenye sahani yake akakiweka kwenye yangu, bila kunitazama, huku akiendelea kuongea na mama mdogo. Nikisema asante, hujifanya hajasikia. Au anasema tu, "Kula, wewe bado unakua." Nilikuwa mbali na kwetu, na nilimpenda kwa kipande kile cha nyama kuliko nilivyompenda mtu yeyote mwaka ule. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba nilichofanya baadaye sikukifanya kwa woga peke yake.

Hakuwahi kuiona bahari. Hakusema, lakini tulijua kwa sababu ya jioni moja mwanzoni kabisa, alipogeuka kwangu ghafla akaniuliza, "Eti Mwanaidi, maji ya bahari hayanyweki kabisa? Hata ukiyachemsha?" Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu jamani! Ukiyachemsha si ndiyo chumvi yenyewe inabaki!" Na mimi nikacheka, kwa sababu mama mdogo anacheka. Mwalimu naye akacheka, akainama akaendelea kufuta nyanya, na nikaona shingo yake imebadilika rangi. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena neno lolote kuhusu bahari. Nimekaa miaka mingi nikijiambia kwamba kile kicheko chetu ndicho kilichofunga mlango. Angeendelea kuuliza, angeuliza na lile la maji kujaa, na leo nisingekuwa na la kuandika.

Katikati ya mwaka mazungumzo ya jikoni yakawa mazito. Mwalimu alikuwa bado katika kipindi cha majaribio, na mkuu wa shule hakumpenda, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuwa mtu wa kuchekacheka ofisini. Nilikuwa nimekaa nyuma ya matenga nasoma, nao walidhani nimelala. "Amenieleza waziwazi, mama," Mwalimu alisema. "Mkaguzi anakuja. Ataingia darasani kwangu. Akiandika vizuri, nathibitishwa. Akiandika vibaya, narudi Tukuyu na begi langu." Mama mdogo akamwambia hakuna mkaguzi wa kumkataa mtu anayefundisha kama yeye. Mwalimu akasema, sauti ikiwa imepungua, "Kule nyumbani walishasema sitafika mwaka. Wananisubiri tu." Nilisikia anapenga kamasi. Nikajua kwamba kila kitu chake, kile kigoda, ile sufuria, zile nyimbo, kinaning'inia kwa huyo mkaguzi, na nikaanza kumwogopa mkaguzi kama vile atakuja kunichukua mimi.

Somo la maji kujaa na kupwa alilifundisha siku ya asubuhi yenye mwezi. Ilula kuna asubuhi ambazo jua limeshatoka na mwezi bado uko juu ya vilima, mweupe, umechujuka. Alitutoa nje darasa zima akatuonyesha. Akatoa nyanya mfukoni na kitunguu. Nyanya ndiyo dunia, kitunguu ndicho mwezi. Alisema kila kitu chenye uzito kinavuta kingine, dunia inatuvuta ndiyo maana tukiruka tunarudi chini, na mwezi nao unaivuta dunia kutoka kule uliko. "Hata sisi hapa unatuvuta," alisema, "ila mwamba ni mgumu, hauonyeshi. Maji hayawezi kuficha. Yanavutika, yanajikusanya upande ulikoelekea mwezi, yanatuna. Dunia ikizunguka, pwani yenu inapita kwenye ule mtuno, mnasema maji yamejaa. Ikitoka, yamekupwa." Alisema "pwani yenu" akinitazama, akitabasamu. Nilisimama pale kwenye baridi nikiwa na furaha ya ajabu. Kwetu nilikulia katikati ya mambo hayo. Nilijua kwamba saa za maji husogea kila siku, yakichelewa kidogo kuliko jana. Nilijua bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na ya mwezi mchanga, na maji mafu ya katikati yake. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni lile jiwe la juu linalofanya yote hayo. Mwalimu wangu, mtu wa milimani, alikuwa amenipa bahari yangu mkononi.

Kisha akasema, "Na kwa kuwa tunapita chini ya mwezi mara moja kwa siku, basi maji yanajaa mara moja kwa siku." Darasa zima likaitikia kwa pamoja, kama ilivyo kawaida, "Mara moja!" Mimi mdomo wangu haukutoa sauti. Mtoto wa Pangani anayejua kutembea anajua kwamba maji yanajaa mara mbili, usiku na mchana. Kwanza nilijidhania mimi ndiye mjinga, labda kuna namna nyingine ya kuhesabu ambayo wasomi wanaijua. Nikaizungusha nyanya ile kichwani siku nzima. Kwa hesabu yake alikuwa sahihi kabisa: mwezi mmoja, mtuno mmoja, mara moja. Sikuona mahali alipokosea, ila nilikuwa nimeyaona maji.

Nilimwambia mama mdogo. Akaacha kuchagua nyanya. "Usithubutu kumsahihisha mbele za watu," akaniambia. "Mwalimu ni mzazi. Kama una neno, mwambie faragha, mkiwa wawili, tena kwa adabu." Kwa hiyo nilimpelekea chai chumbani kwake. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda na meza, na ukutani alikuwa amebandika ramani ya dunia aliyoichora mwenyewe. Alikuwa anatembea huku na huku akifundisha ukuta. "Karibu, Mwanaidi! Nimeamua. Mkaguzi akija nafundisha lilelile la mwezi. Darasa mlilipenda, sivyo?" Nikasema tulilipenda. Nikasema, "Mwalimu, kwetu maji..." Akaruka, "Enhe! Ndiyo nilikuwa nataka kukuomba. Nikikwama nitakuita wewe. Wewe umeyaona." Uso wake ulikuwa umejaa matumaini kiasi kwamba nilitazama chini kwenye kikombe. Nikasema, "Chai itapoa, Mwalimu." Nikatoka. Hiyo ndiyo faragha niliyoipata, na niliichezea.

Mkaguzi alikuja amevaa koti zito na skafu, nikajua moja kwa moja ni mtu wa huku huku bara, pengine wa Njombe. Alikaa nyuma pamoja na mkuu wa shule. Mwalimu alifundisha vizuri kuliko siku ya kwanza. Nyanya ilikuwa kubwa, kitunguu kilikuwa kizuri, na alipofika penye mtuno wa maji hata mkuu wa shule alikuwa ameinua shingo. Alikuwa hajafika penye idadi, mkaguzi akainua mkono kwa upole. "Samahani, mwalimu. Yupo humu aliyewahi kukaa pwani?" Vidole vyote vikanielekea. Nikasimama. "Haya binti, tuambie. Kwenu maji yanajaa mara ngapi kwa siku?"

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ananitabasamia, na mikono yake ilikuwa imeishika ile nyanya kwa nguvu hadi nikadhani itapasuka. Niliona wazi yatakayotokea. Nikisema mbili, darasa zima litasema, hapana, Mwalimu alisema moja, na mkuu wa shule ataandika kitu kwenye karatasi yake. Huyu bwana wa Njombe hajui lolote, nikawaza. Nikasema, "Mara moja."

Mkaguzi alivua miwani. "Kwenu ni wapi?" Nikasema Pangani. "Mimi mtoto wa Kilwa," akasema, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yake, ile ya kwetu, iliyokuwa imejificha ndani ya skafu. "Binti, wewe umekaa Pangani au umepita na basi? Maji yanajaa mara mbili! Mtu anakana kwao mchana kweupe?" Mkaguzi akageukia mbele, na swali lilikuwa bado halijatoka mdomoni mwake, lakini Mwalimu akaliwahi. "Ni mara mbili, mheshimiwa," akasema. "Nimeshawaambia. Huyu ndivyo alivyo, anaota darasani." Akacheka kidogo.

Darasa lilikuwa kimya. Kila mmoja wao alikuwa ameitikia "mara moja" kwa sauti kubwa, na kila mmoja alijua. Lakini huwezi kumwaibisha mwalimu mbele ya mgeni. Huko Uheheni mtoto anajifunza hilo kabla ya kujifunza kusoma. Mwalimu alipocheka mara ya pili, nao wakacheka. Walicheka wote. Mkaguzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, nadhani aliona amenionea, akaniita mbele pamoja na wenzangu wawili, akatupanga mstari mmoja, mimi nyuma. "Mimi ndio mwezi," akasema. "Wa mbele ni maji ya upande wangu, wa kati ni dunia yenyewe, huyu wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Mwezi unavuta wote, ila aliye karibu anavutwa zaidi. Haya, wa mbele piga hatua kubwa. Wa kati, ya kiasi. Binti wa Pangani, ndogo tu." Tukafanya. "Tazameni nafasi. Wa mbele amemtangulia wa kati. Na wa kati amemwacha wa nyuma. Haya maji ya nyuma hayakusukumwa na mtu, yameachwa tu, dunia imevutwa ikayaacha, ndiyo maana na huko nyuma yanatuna. Mituno miwili. Ukizunguka unaipita yote miwili." Nilielewa. Nilielewa palepale, kamasi ikinitoka, nimeachwa nyuma peke yangu darasa linanitazama, na nikaona jinsi jambo lilivyo zuri. Nimelichukia kwa uzuri wake tangu siku ile.

Alithibitishwa. Mama mdogo alichinja kuku. Mwalimu alikuja jikoni, akamshukuru mama mdogo kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mama, ndaga," akakaa kwenye kigoda chake, akaongea sana kuliko kawaida. Nilimngoja. Nilijua kwamba hatasema lolote mbele ya mama mdogo, lakini nilikingoja kile kipande cha nyama. Alikula paja lote, akanawa mikono, akaaga. Baada ya muda mfupi alihamia nyumba ya shule, moto wake ukawaka vizuri. Darasani hakuniuliza swali tena mpaka mwaka ukaisha, na wenzangu wakanipa jina. Nikipita na ndoo ya nyanya kandokando ya barabara, wanapaza sauti: "We Mara Moja! Bahari ya kwenu leo ishajaa?" Mtu anaweza kudhani mimi nilimwekea Mwalimu kinyongo. Niliona aibu tu. Niliona aibu ya kutojua ambayo haikuwa yangu, nikaivaa ikanikaa. Likizo nilipokwenda Pangani nilikaa ndani. Nilisema naumwa, ili nisitazamane na maji. Na kilichonitesa zaidi nilikigundua baadaye: kama ningesema kweli, mkaguzi angefurahi, Mwalimu angesema "ndiyo, mara mbili" kama alivyosema, na darasa lisingethubutu kupinga mbele ya mgeni. Ukweli ungemwokoa bila gharama yoyote. Uongo wangu haukuwa na kazi.

Nilikwenda Mbeya. Basi liliposimama Chimala wakauza mchele dirishani, nusura nishuke nirudi. Ukumbi ulikuwa umejaa, vitenge, keki, kwaya. Mwalimu amezeeka vizuri, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na alipopewa kipaza sauti alisimama wima kama zamani. Akasimulia visa vya darasani, watu wakicheka, na nikaanza kupumua. Kisha akasema, "Ilula nilikuwa na mtoto mmoja wa Pwani kabisa, kazaliwa baharini. Mkaguzi kaja, kamuuliza maji yanajaa mara ngapi. Kajibu, mara moja! Mtoto wa Pwani! Nilitaka nizame. Ikabidi mimi, mtu wa Tukuyu, niokoe jahazi." Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Nilitazama wenzangu wa Ilula mezani kwangu, watu wazima wenye wajukuu. Mmoja alikuwa anakunja karatasi ya kufutia mikono. Mwingine alikuwa anatazama soda yake. Walikuwa wanakumbuka, na walikuwa kimya, vilevile. Na mimi nilimtazama Mwalimu usoni kwa makini, nikaona kwamba hasemi uongo. Alikuwa amekisimulia kisa hiki mara nyingi hadi akakiamini.

"Na nasikia yupo," akasema. "Mwanaidi! Simama tukuone, mama." Wakaniletea kipaza sauti kingine. Nilikuwa na jibu, nimelibeba tangu ujana wangu, lina maneno makali nimeyanoa mwenyewe nikiwa zamu za usiku wodini. "Haya, sasa umekuwa mtu mzima," Mwalimu akasema huku anacheka. "Tuambie. Maji yanajaa mara ngapi?"

Mikono yake, ile iliyoshika nyanya, ilikuwa imeshika kipaza sauti. "Mara moja, Mwalimu," nikasema. "Kama ulivyotufundisha."

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Mwalimu alifungua mdomo acheke nao, kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni polepole. Akanitazama. Akatazama meza yetu, mmoja baada ya mwingine. Mshereheshaji akadhani amechoka, akampokea kipaza sauti, kwaya ikaanza.

Nilikaa nikaanza kula kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu, na nilikuwa naona aibu upya, safari hii kwa ajili yake. Sikumwona akija. Nilisikia kiti kinavutwa karibu nami, na sahani yake ikawekwa mezani. Alikata nyama yake katikati, akaweka kipande kwenye sahani yangu, bila kunitazama.

"Mara mbili," akasema, kwa sauti ya kunifikia mimi tu. "Na ulijua."

"Nilijua, Mwalimu."